Mgomba Tuliouzika kwa Jina Lako

Albert Park, Durban
11 Mei 2024

Bibi yangu Verediana,

Shikamoo. Ni mimi Projestus, mwana wa marehemu mwanao Respicius, uliyenilea mwenyewe hapo Muleba. Najua utashtuka. Ni miaka sita tangu nije Afrika Kusini, na karibu yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Namba za simu nilizokuwa nazo zote zimekufa. Sina la kujitetea. Nilipata matatizo, nitakueleza tukionana.

Niko mzima. Tunaishi ghorofa ya saba, chumba kimoja tumekigawa kwa pazia. Upande huu nalala mimi na Serge, Mkongomani, na upande wa pili analala dada yake Yvette. Asubuhi napanda taxi kwenda Isipingo, mji mdogo wa kusini, pale stendi nauza chaja za simu na soksi. Siku ambazo stendi haina watu nasimama kwenye robot, nauza kwa wenye magari. Jumapili Wakongomani wanaimba sala ghorofa nzima, chini mpaka juu, na mimi nalala kitandani naitafuta kengele ya kanisa letu masikioni, siipati.

Ndizi iko, lakini watu wa huku wanakula mbivu tu, kama watoto. Kuna mama mmoja wa Kongo anauza mbichi. Nilinunua, nikazipika na maharage kama ulivyonifundisha, Serge akasifu sana. Mimi nilishindwa kumaliza. Mwezi huu iko baridi, na upepo wa huku hauna adabu.

Scola mke wangu hajambo? Mwambie sijamsahau hata siku moja. Na Rhoda? Nilimwacha anatambaa. Mwambie baba yake anakuja.

Barua hii nampa Dulla, dereva wa lori, mtu wa Tunduma. Akifika kwake ataitia kwenye basi. Majibu nayo yapitie kwake. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

Mjukuu wako,
Projestus


Muleba
2 Julai 2024

Kwako wewe unayejiita Projestus,

Sikuamkii wala sikuitikii shikamoo yako. Salamu nawapa watu ninaowajua.

Barua imefika. Kondakta aliiacha kwa Coletha wa dukani, Coletha akataka kunisomea, nikamnyang'anya. Mimi nasoma mwenyewe. Nilisoma kisomo cha watu wazima mpaka nikapewa cheti, na mwalimu alinipigia makofi mbele ya wanaume. Kwa hiyo usidhani umepata kikongwe wa kusomewa.

Projestus tumemzika. Kijana mmoja wa hapa aliyekuwa naye huko Durban alirudi akatuambia alimwona kwa macho yake akitolewa kiwandani, mahali panaitwa Pinetown, amelowa damu, amefunikwa mpaka kichwa. Maiti haikuja. Tulingoja, haikuja. Ndipo tukafanya kama tunavyowafanyia wanaomezwa na ziwa. Tulikata mgomba, tukauvika shati lake, tukauzika kwa jina lake hapa kwenye kibanja, pembeni ya babu yake, migombani nyuma ya nyumba. Udongo wa kwanza nilitupia mimi. Mtu aliyezikwa haandiki barua.

Na hata kuiga hujui. Huu si mwandiko wake. Herufi zake mimi ndiye niliyezisimamia na fimbo, zilikuwa zimesimama wima kama askari. Hizi zako zimelala kama walevi. Tena unaandika "ndizi iko", "iko baridi". Ni Kiswahili cha wapi hicho? Na unauza soksi kwa roboti! Roboti ana miguu ya kuvaa soksi?

Matapeli nawajua. Kila wiki wanamwandikia Coletha kwenye simu, ile hela tuma kwenye namba hii. Wewe umekwenda mbali zaidi, umemfukua maiti wa watu ukajivika. Huna haya?

Lakini mimi sipendi kumhukumu mtu bila kumuuliza. Kama ni wewe kweli, niambie: siku tuliyomzika babu yako, wewe ulikula nini, ulikilia wapi, na mimi nilikufanya nini. Jambo hilo tunalijua wawili. Ukikosea, mjinga wewe, nitaipeleka barua yako polisi.

Verediana


Isipingo
4 Agosti 2024

Bibi,

Nilisoma barua yako nimekaa juu ya ndoo yangu hapa stendi. Nilikuwa nimengoja barua ya nyumbani kwa hamu, nikaifungua palepale, watu wakipita. Mama mmoja wa Kizulu anayeuza mahindi jirani yangu akaniuliza nani amekufa. Sikujua nimjibu nini.

Bibi, mlinizika?

Nilipomwambia Serge alicheka. "Sasa weye ni mufu, mon frère. Kodi ya nyumba nani atalipa?" Kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Yvette akaja kutoka upande wake wa pazia, akakaa karibu yangu mpaka chakula kikaungua.

Siku ya mazishi ya babu nilikuwa na miaka tisa. Niliiba bakuli la senene waliokaangiwa wageni, nikajificha nyuma ya stoo ya kahawa. Ulinikuta. Nikafunga macho nikingoja kofi. Hukunipiga. Ulikaa chini na kanga yako ya msiba, ukaninyang'anya bakuli, ukawala senene wote, nikabaki na mabawa. Uliniambia una njaa tangu jana na mjane haruhusiwi kuonekana akitafuna, na nikisema kwa mtu utanikata ulimi.

Sijamwambia mtu mpaka leo.

Mwandiko usiutilie maanani, Bibi, ni uzee na haraka. Robot ni taa za barabarani, ndivyo wanavyoziita huku. Na hiyo "iko" ni ya Wakongomani, nimeishi nao mpaka imeniingia. Nikiwa peke yangu naongea Kihaya na ukuta, nisije nikakisahau.

Scola hukunijibu habari zake. Alinilia? Sasa anajua niko hai?

Projestus


Muleba
15 Septemba 2024

Projestus, mtoto wewe!

Hayo ya senene ungeyaandika kwa mafumbo! Coletha amesimama mgongoni kwangu anasoma, mimi najua yuko kwenye mizani yake. Nimegeuka namkuta amejiziba mdomo. Miaka yote hii kijiji kizima kinajua Verediana alifunga siku zote za msiba wa mumewe bila kutia kitu kinywani. Leo umenivua nguo. Nimemwapisha mbele ya picha ya Bikira Maria, afunge mdomo kwa hayo na kwa habari yako yote. Mpaka sasa tunajua mimi na yeye tu.

Wewe ni mpumbavu. Nataka ulisome neno hilo mara mbili. Mtu mzima ana kalamu, ana karatasi, ana lori zinazokuja kwao, anakaa kimya mpaka anavikwa sanda! Nilipiga magoti pale kaburini na haya magoti yangu. Nimepalilia pale kila alasiri, mvua ikiwepo isipokuwepo. Nilikuwa nakusimulia habari. Nimeusimulia mgomba habari za mbuzi, za Padri mpya, za bei ya kahawa, nikidhani ni wewe. Mgomba! Nani atanirudishia maneno yangu?

Coletha alikupigia ile simu ya picha. Nilikuona. Upara huo umeutoa wapi, baba yako hakuwa nao. Ulikuwa unafumbua kinywa na kufumba kama samaki na mimi sisikii kitu, ni mvumo tu. Masikio yangu yamekufa, Projestus, tangu mwaka juzi. Ukitaka kuniambia jambo liandike. Simu usiniletee tena, Coletha anasema nililia, na mimi sikulia.

Sasa sikiliza. Ukija, usikanyage kibanja. Ukoo wetu aliyezikwa hapiti mpaka wa shamba kwa miguu yake mpaka kwanza kilichozikwa kwa jina lake kitolewe, na anayetoa udongo wa kwanza ni yule yule aliyeutupia. Ni mimi, hakuna mwingine. Usipofanyiwa hivyo ukaingia, umeingia na kifo chako, na sitaki kifo ndani ya nyumba, mna mtoto humu mara kwa mara. Utasimama njiani uniite, nitakuja na jembe.

Rhoda yuko darasa la pili. Ana meno yako na ubishi wangu. Scola mzima.

Na habari ya mwandiko usinidanganye. Nilikufundisha kushika kalamu. Umefanya nini?

Bibi yako,
Verediana


Albert Park, Durban
20 Oktoba 2024

Bibi,

Siwezi kushindana na wewe. Hii ni ya mkono wa kushoto.

Yule kijana hakuwadanganya, aliona alichoona. Pinetown nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha ndoo za plastiki. Mashine ikanishika mkono wa kulia. Nilizimia, wakanitoa nimefunikwa, na yeye wiki ileile akarudi Tanzania kwa hofu. Kidole gumba kipo. Vingine vinne havipo. Kiwandani hawakuniita tena.

Nilitaka kuandika. Nilijaribu kwa kushoto, yakatoka makorokocho, nikachana. Kisha nikafikiri, nitawaambia nini? Niliuza baiskeli na mbuzi wawili nije huku kutafuta, na nimepoteza hata nilivyokuja navyo. Nikasema nitaandika nikipata kazi. Sikupata. Nikasema nitaandika mwakani. Aibu inakua kama mtoto, Bibi, unaamka unakuta imekuzidi kimo.

Sasa nimezoea. Soksi nafunga kwa meno. Nasimamisha taxi kwa ishara za mkono wa kushoto na madereva wa Isipingo wananijua. Kamba za viatu ndizo zimenishinda, Yvette ananifunga asubuhi kabla hajaenda saluni.

Lakini nakuja! Dulla ameahidi kunibeba Desemba mpaka Tunduma, kisha basi. Nimemnunulia Scola kitambaa cha bluu, rangi anayoipenda. Rhoda nimemnunulia viatu vya shule, niliwapima watoto wa jirani nikakisia mguu wake. Usiku huu Yvette amenisaidia kufunga begi na bado kuna wiki nyingi. Serge ananicheka, anasema mufu anafunga mizigo.

Bibi, mbona Scola haniandikii hata mstari mmoja? Amekasirika? Mwambie akasirike akiwa mbele yangu. Nitapiga magoti.

Mjukuu wako,
Projestus


Muleba
12 Novemba 2024

Projestus,

Niliposoma habari ya mkono niliiweka barua chini nikaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo. Nikayamwaga nikachota tena.

Vidole! Umejificha kwa ajili ya vidole! Ulidhani ungefika mlangoni nivihesabu kama nahesabu kuku? Mimi nilimlea mtoto ambaye mama yake alimwacha hajaota jino, sikuuliza ana vidole vingapi. Ungekuja na kichwa peke yake ningekiogesha nikakiweka kwenye mkeka. Mpumbavu. Mpumbavu. Na aliyekufundisha aibu ya namna hiyo si mimi.

Sasa kaa chini. Kama umesimama kwenye robot yako, toka.

Nilikuandikia Scola mzima, na ni mzima. Sikukuandikia mzima kwa nani.

Iliposikika umekufa, Scola hakukubali. Kila jioni alikutengea chakula, anakifunika kwa jani la mgomba, asubuhi anampa mbwa. Mbwa akanenepa, yeye akakonda. Rhoda analia pale chini hamsikii, na yeye ana masikio mazima. Siku moja nilimkuta amekaa barabarani na mvua inampiga, ananiambia basi limechelewa. Nikaona hapa tutazika wawili. Ndipo nikawaita wazee wa ukoo nikasema tumzike Projestus, mkewe apone. Padri alikataa kuja, akasema hazikwi mtu ambaye hayupo. Nikamwambia Padri kaa na vitabu vyako. Tukazika. Scola akanyolewa nywele, akalia mpaka sauti ikamwisha, akalala usingizi siku nzima. Alipoamka akaniomba ndizi.

Alipona, Projestus. Na leo ningefanya hivyo hivyo, usinitolee macho.

Alikaa na mimi mpaka siku za mjane zikaisha, na baada yake tena. Akaja Evodius, fundi seremala wa ng'ambo ya bonde. Mimi ndiye niliyemwambia Scola kubali. Alikataa mara tatu, akasema hawezi kuuacha mgomba wako peke yake. Nikamwambia mgomba nitakaa nao mimi, wewe nenda kaishi. Ukoo ulimwachia kwa sababu umekufa. Sasa wana mtoto wa kiume, anaanza kusimama. Rhoda anambeba mgongoni kutwa. Evodius anamwita Rhoda mwanangu, wakati wa matope anampandisha begani mpaka kanisani. Nilitaka kumtafutia ubaya nimekosa.

Barua zako Scola hajaona hata moja.

Ukitokea wewe, wazee watakaa kikao. Nawajua, wengine ni wadogo zangu na hawana akili. Watasema mke amerudi kwa mwenyewe. Watamtoa Scola kule kama wanavyotoa mbuzi aliyeingia zizi la jirani. Yule mchanga wataulizana ni wa nani. Na Scola mwenyewe, akili yake ilivuka mto ule mara moja, mimi nilikuwa nimemshika mkono. Mara ya pili mkono wangu hauna nguvu.

Kwa hiyo usije. Nimeandika kwa herufi kubwa usiseme hukuona: USIJE.

Mke wa marehemu ameolewa, marehemu naye aoe. Huyo Yvette anayekufunga kamba za viatu ana ubaya gani? Ni Mkongomani, basi, na sisi tuna nini.

Usinijibu kwa hasira. Nimeandika barua hii mara nne.

Verediana


Albert Park, Durban
19 Januari 2025

Bibi,

Barua yako niliipokea Tunduma. Ilikuwa imemngoja Dulla nyumbani kwake, naye akanikabidhi tukiwa tunashusha begi langu. Nilikuwa nimeshavuka nchi tatu. Dulla alinitazama nikiisoma, akaniuliza, "Nikurudishe?" Nikamwambia nitakwenda kuona tu.

Nilifika, Bibi. Jumatatu kabla ya Krismasi, alasiri. Nilishuka kwenye lami nikatembea. Kila mti niliujua.

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, umeipa njia mgongo, unapalilia. Niliona kilima kidogo cha udongo na maua ya kopo pembeni. Hujabadilika, ila umekuwa mdogo. Nilisimama njiani kama ulivyoniagiza, sikuvuka. Nikaita, "Bibi." Nikaita tena kwa nguvu. Ndege waliruka migombani, wewe ukaendelea kung'oa majani.

Akaja mtoto wa kike kutoka bondeni, amebeba mtoto mgongoni.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikamwambia. Bibi, nilimwitikia.

"Hasikii huyo. Hata ukipiga kelele kama nini. Ingia tu umguse bega, ndivyo tunavyofanya wote."

"Mimi siingii."

"Unaogopa mbwa? Alishakufa, alikuwa mnene sana."

"Siogopi."

"Nikuitie?"

Nilifungua kinywa niseme ndiyo. Yule mtoto mgongoni akanyoosha mkono akanishika shati, akalivuta, anacheka. Hana meno ila mawili.

"Hapana," nikasema. "Usimsumbue. Nimekosea kijiji."

Akanitazama. Meno ni yangu kweli. "Mkono wako umefanya nini?"

"Mashine."

"Unauma?"

"Siku hizi hapana."

"Pole," akasema, kwa ile sauti ya Scola ya kulivuta mwishoni. Akampandisha mtoto vizuri akaingia shambani. Aliponyoosha mkono kukugusa bega, nilikuwa nimeshageuka.

Viatu vya shule nimerudi navyo. Ningesema vimetoka wapi? Alikuwa peku, lakini nilivyomwona, vingembana.

Sikuwa na hasira na wewe njia nzima. Nataka ujue hilo. Umesema kweli yote na mimi nimekutii.

Projestus


Muleba
2 Machi 2025

Projestus,

Aliponigusa bega nilimwambia subiri nimalize hapa. Nilimwambia subiri! Nikang'oa majani yangu matatu manne, ndipo nikageuza sikio. Akanipigia kelele humo: "Bibi, kulikuwa na mtu hana vidole, anasema amekosea kijiji."

Nilikimbia na panga la palizi mkononi. Haya magoti yalikimbia, sijui yalikuwa yamefichwa wapi. Watu barabarani wakaniuliza, mama, mwizi amepita wapi? Nikawaambia eeh, mwizi, mmemwona? Wakanionyesha. Nilifika kwenye lami, vumbi la basi halijatulia. Nikalipigia kelele basi mpaka kifua kikauma. Mimi mwenyewe sikujisikia, lakini wanasema nilisikika mpaka kanisani.

Ungerusha jiwe. Njia imejaa mawe. Ungenipiga mgongoni na jiwe, ningegeuka kutukana nikakuona. Unasimama unamwita kiziwi! Ndiyo akili waliyokufundisha huko?

Wewe mtoto hukunitii hata siku moja. Nilikukataza kuogelea ukaogelea. Nilikukataza kupanda lori la wahamiaji ukapanda. Nilikwambia usiende Durban, tuna ndizi, tuna kahawa, unatafuta nini, ukanibusu mkono ukaenda. Tangu umezaliwa neno langu halijawahi kukuzuia mlangoni. Nikaandika usije kwa herufi kubwa, na nilipokuwa naiandika nilijisemea moyoni, huyu nikimkataza ndiyo atakuja mbio. Ndiyo maana nilikuwa nimenoa jembe. Utundu wako wote, Projestus, siku niliyotaka unikaidi ndiyo siku uliyochagua kuwa na adabu.

Basi.

Maneno yangu ya Novemba siyafuti. Scola ni mzima, Rhoda ana baba, yule mchanga sasa anatembea na kuvunja vitu. Ulipogeuka ulifanya jambo ambalo mwanamume mzima hawezi, na mimi nisingeliweza. Nimekuandikia hilo mara moja, usitegemee kulisikia tena.

Mgomba sijaufukua. Ningeufukua wangeniuliza. Nikifa mimi hakuna tena wa kuutoa ule udongo wa kwanza, na mwaka huu kifua hakiko sawa, sikufichi. Kwa hiyo wewe ndiyo umezikwa. Jizoeze. Siku yangu ikifika Coletha atakupigia, wala usipande lori, hutakuwa na mahali pa kukaa kwenye msiba. Kaa hukohuko kwenye ghorofa yako, wale Wakongomani waimbe, wewe ulie. Wakikuuliza nani amekufa, safari hii utakuwa na la kujibu.

Kula. Kwenye simu ulikuwa umekonda shingo. Na hiyo soksi usifunge kwa meno, meno hayaoti tena kwa umri huo.

Bado nakwenda pale kila alasiri, ila sikai kama zamani. Kigoda nimekigeuza. Kaburi nimelipa mgongo, natazama njia. Jana Scola alipita anatoka shambani, akanigusa bega, akanisemea kwa nguvu sikioni, "Mama, unamngoja nani huku?"

Nikamwambia simngoji mtu.

Bibi yako,
Verediana